Vidanji ya Gari Yetu Mpya: Tubadilishe Mafuta Kila Baada ya Muda Gani?

Maneno ya ekipi ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Komite imetuomba tuseme neno juu ya gari mpya. Nani atapanda, nani atashika ufunguo, hayo komite yenyewe itayasema. Sisi tumekuja na jambo linaloonekana dogo, jambo la mafuta ya moteri. Lakini wote mnajua kwamba wiki hizi mbili watu wamegombana juu ya jambo hilo hilo, hapa kwenye kivuli cha mwembe na hata kwenye simu.

Upande mmoja kuko wazee wetu mafundi wa garaji. Wao wanasema: "Kila kilometa 3,000 mwaga mafuta, tia mapya, usiulize." Upande wa pili kuko watoto wetu walio Ubelgiji na Kanada, ambao wamechangia hii gari kwa jasho lao. Wao wanasema: "Mnatupa pesa. Sisi huku gari mpya tunaibadilisha mafuta mara moja kwa mwaka, kilometa 15,000, hata 20,000, na inatembea vizuri." Na katikati kuko mweka hazina wetu, anayeuliza paka swali moja: hiyo pesa ya vidanji itatoka wapi?

Tunataka kuonyesha kwamba fundi hakosei, mtoto wa Ubelgiji hakosei, na mweka hazina ndiye ameuliza swali kubwa kuliko yote.

Kazi ya mafuta

Tuanze na mafuta yenyewe. Watu wengi wanafikiri kazi yake ni kulainisha tu. Ndiyo, yanalainisha. Moteri ya mazutu ikiwa njiani inazunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika moja, na vyuma vyake havigusani kwa sababu utando mwembamba wa mafuta umekaa katikati. Lakini mafuta yana kazi nyingine. Yanabeba joto na kulitoa ndani. Yanasafisha: masizi ya mazutu na unga wa chuma vinashikwa na mafuta ili visigande kwenye moteri. Tena yanapigana na asidi, kwa sababu mazutu yakiungua, hasa yale yenye salfa nyingi, yanaacha asidi inayokula chuma.

Kwa hiyo mafuta yanachoka. Ndani yake kiwandani wametia dawa: dawa ya kusafisha, dawa ya kuzuia asidi, dawa ya kuyafanya yasiwe mepesi kama maji wakati wa joto. Hizo dawa zinatumika na kuisha. Ni kama sabuni kwenye beseni la nguo. Nguo za kwanza zinatakata. Ukiendelea na maji yale yale hadi nguo za jirani, unazisugua kwa uchafu wa wengine.

Hapa tuseme kosa moja tunalolisikia kila siku. Mtu anatoa kijiti cha kupimia, anaangalia rangi, anasema: "Mafuta iko meusi, yamekufa." Kwa moteri ya mazutu rangi haisemi hivyo. Mafuta mapya yanaweza kuwa meusi baada ya siku chache tu, juu yanafanya kazi yake ya kushika masizi. Na mwingine anasema: "Iko bado kahawia, tuendelee." Naye rangi inaweza kumdanganya. Kijiti kinakuambia kiasi cha mafuta. Muda wa kuyabadilisha unaujua kwa kuhesabu.

Basi tuhesabu nini?

Kilometa na saa

Mama zetu wa mashine ya kusaga mihogo wanajua jibu kuliko sisi tuliosoma. Moteri ya mashine haitembei. Tangu tuifunge pale haijaenda hata mita moja. Lakini inabadilishiwa mafuta. Kwa nini? Kwa sababu mama anayesimamia anaandika saa. Leo imesaga saa tano, jana saa sita. Zikifika saa alizoambiwa na fundi, anazima, anaita fundi. Hakuna anayemuuliza imefika kilometa ngapi.

Moteri ya gari nayo haijui kilometa. Magurudumu ndiyo yanayojua. Moteri inajua imewaka muda gani, imebeba mzigo gani, imemeza vumbi kiasi gani. Kiwanda kinaandika kilometa kwenye kitabu kwa sababu ni rahisi kuzisoma kwenye tablo, na kinakisia gari inatembea kwa mwendo fulani, kwenye barabara fulani.

Sasa tuchukue mtoto wetu wa Ubelgiji. Barabara yake ni lami. Tuseme anakwenda wastani wa kilometa 80 kwa saa. Kilometa 20,000 kwake ni saa 250 za moteri kuwaka.

Tuchukue gari yetu. Kutoka hapa Baraka hadi Uvira haifiki kilometa 100. Lakini nani kati yetu anaihesabu kwa kilometa? Tunaihesabu kwa saa, na mvua ikinyesha tunaihesabu kwa maombi. Mwezi wa kwanza shoferi wetu aliandika kila kitu kwenye daftari: gari ilitembea kilometa 1,180, na moteri iliwaka saa 54. Gawanya mwenyewe. Ni karibu kilometa 22 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilometa 5,000 ni saa 227.

Mmeona? Kilometa 20,000 za Ubelgiji na kilometa 5,000 za hapa ni karibu saa zile zile. Mtoto wetu hakusema uongo. Alisema ukweli wa barabara yake.

Tena saa zetu ni nzito kuliko zake. Tuko na vumbi la kiangazi. Tuko na gia ya kwanza na ya pili kwenye matope, gari imejaa watu na mifuko ya mbegu. Tuko na mazutu ya kununua kwenye pipa, ambayo hatujui yamelala wapi. Na tuko na ile tabia ya kuacha moteri inaunguruma gari ikiwa imesimama, tunaagana na watu dakika arobaini. Magurudumu hayageuki, tablo haiandiki kitu, lakini mafuta yanachoka.

Kitabu cha hii gari, ambacho tumekisoma chote pamoja na shoferi, kinasema jambo hilo hilo. Kina safu mbili. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida: kilometa 10,000. Ya pili ni ya matumizi magumu: kilometa 5,000 au miezi sita, kinachotangulia kufika. Halafu kinataja matumizi magumu ni yapi: vumbi, matope, mzigo mzito, milima, safari fupi fupi, kusimama muda mrefu moteri ikiwaka. Tuliposoma orodha hiyo shoferi alicheka, akasema: "Shefu, huyu aliyeandika alishapita kwetu." Watu wengi wanasoma safu ya kwanza na kufunga kitabu. Safu yetu ni ya pili.

Kwa hiyo, wazee mafundi, tunawaheshimu, na zile 3,000 zenu zilitoka kwenye magari ya zamani, moteri zilizochoka na mafuta ya wakati ule. Kwa moteri iliyochoka bado mna haki. Kwa hii mpya, yenye mafuta yanayotakiwa na filta nzima, 5,000 inatosha. Lakini isizidi.

Na vidanji ya kwanza? Hiyo tumeshaifanya kwenye kilometa 1,000, kama kitabu chake kinavyotaka. Vyuma vipya vinapozoeana vinatoa unga mwembamba, na ni vizuri utoke mapema. Lakini si kila kiwanda kinataka hivyo. Kuna moteri zinazotoka na mafuta maalumu ya kuanzia, na kitabu kinasema usiyaguse kabla ya muda wake. Mwenye gari yake mpya asifuate yetu, asome kitabu chake. Na vijana wa pikipiki, yenu inabeba mafuta yanayokaribia lita moja tu. Kidogo kinachoka haraka. Muda wenu ni mfupi sana kuliko wa gari, msitusikilize sisi na hizi 5,000.

Gari tuliyoiua

Sasa tuseme lile ambalo komite haikutuomba tuseme. Tumelizungumza kati yetu usiku mzima, tukaona tukilificha hatuna haki ya kuwafundisha kitu.

Kabla ya kufanya kazi na chama hiki, sisi watatu tulikuwa kwenye mradi mwingine. Mradi huo nao ulikuwa na gari mpya. Vidanji ya kwanza ilifanyika, ya pili ikafanyika. Halafu kwenye bajeti mstari wa matengenezo ukaisha. Mstari wa mazutu ulikuwa bado na pesa. Tuliomba ruhusa ya kuhamisha kidogo, tukajibiwa tungoje robo ya mwaka inayofuata. Tukangoja. Lakini gari haikungoja. Kila asubuhi tuliiandikia karatasi ya safari, tukaweka sahihi zetu.

Mafuta yakipungua tulikuwa tunaongeza nusu lita, lita moja. Tukajidanganya kwamba tunatunza gari. Kuongeza si kubadilisha. Ukiongeza maji safi kwenye maji ya vyombo, bado hutayanywa.

Tuliipita kilometa 5,000 bila vidanji, tukaipita 10,000. Kwenye 14,000 tangu vidanji ya mwisho, usiku mmoja tuliombwa kumshusha mama mjamzito kutoka kijiji cha milimani kuja hopitali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, mkunga ameona mtoto amekaa vibaya. Kwenye kilima, ile taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta ikawaka. Shoferi akasema: "Shefu, taa iko inawaka, tusimame." Sisi ndio tuliosema twende, tumebakiza kidogo. Tuliona tunamwokoa mama.

Hazikupita dakika kumi. Moteri ilipiga kelele kama mtu anayesaga mawe, halafu ikashikana, ikanyamaza. Tulimbeba yule mama kwa kipoyi hadi tulipopata motari mbili, na kutoka pale hadi hopitali. Tulipoteza karibu saa tatu.

Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Hatusemi mafuta ya moteri ndiyo yaliyomuua. Daktari hakusema hivyo, na sisi si madaktari. Labda asingepona hata kama gari ingefika. Tunasema tu kwamba tulikuwa na saa tatu mkononi na tukazipoteza, na zilipotea miezi mingi kabla ya usiku ule, pale mezani, kila tulipoweka sahihi. Baba wa mtoto alitushukuru kwa kumbeba mke wake. Hiyo shukrani bado inatuuma.

Fundi alipofungua moteri, mafuta ya chini yalikuwa mazito kama lami, filta imeziba, na tundu la kunyonyea mafuta limefunikwa. Bei ya moteri nyingine tuliyoambiwa ilikuwa dola 6,000. Mradi haukuwa nazo. Gari ile ililala kwenye uwanja hadi mradi ukafungwa.

Pesa itatoka wapi

Ndiyo maana tunasema mweka hazina ameuliza swali kubwa. Kujua 5,000 si kazi. Sisi tulijua. Tulikuwa na diploma, tulikuwa na kitabu, tulikuwa na taa. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni pesa iliyotengwa kabla ya siku yake.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme vidanji moja, pamoja na mafuta, filta na mkono wa fundi, inafika dola 100. Inatumika kwa kilometa 5,000. Basi kila kilometa 100 gari inakopa dola 2 kwa moteri. Kwenda Uvira na kurudi ni deni la dola 4. Halionekani, kwa hiyo tunafikiri halipo.

Na ile moteri ya dola 6,000? Ni bei ya vidanji 60. Vidanji 60 mara kilometa 5,000 ni kilometa 300,000. Yaani pesa ya kununua moteri moja ingetosha kutunza moteri hiyo kilometa 300,000.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya mkutano mapendekezo haya, myajadili na kuyapigia kura:

Moja. Gari ibadilishiwe mafuta na filta yake kila kilometa 5,000, au miezi sita, au saa 230 za moteri, chochote kinachotangulia. Miezi sita tunaitaja kwa sababu mafuta yanazeeka hata gari ikiwa imelala, hasa kwenye unyevu wa ziwa.

Mbili. Kila anayetumia gari, akiwa mwanachama, mradi au mgeni, alipe dola 2 kwa kila kilometa 100 juu ya mazutu. Safari ya mgonjwa ilipwe na mfuko wa chama. Pesa hizo zikae kwenye sanduku lake peke yake, funguo mbili, na zisikopeshwe hata kwa msiba. Tunajua neno hilo ni gumu. Kwa msiba tuna mfuko mwingine.

Tatu. Shoferi aandike saa na kilometa kila siku, na apime mafuta asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Mafuta yawe kati ya alama mbili za kijiti. Yakizidi ya juu nayo ni mabaya. Filta ya hewa ifunguliwe kila wiki wakati wa kiangazi, juu vumbi likipita pale linaishia kwenye mafuta na kuyageuza kuwa msasa.

Nne. Mafuta yanunuliwe na watu wawili, bidoni ikiwa na kizibo kisichofunguliwa, na namba zilingane na kitabu. Yetu ni 15W-40 ya mazutu. Kwenye bidoni kuna herufi pia: kundi la C ni la moteri za mazutu, kundi la S ni la esansi. Bei ya chini sokoni isitudanganye. Bidoni tupu zinajazwa mafuta ya zamani yaliyochujwa na kitambaa. Na mafuta tunayoyamwaga yasiende ziwani wala kwenye mtaro. Maji tunayokunywa ni hayo hayo. Yakusanywe kwenye pipa kwa fundi.

Tano. Taa ya mafuta ikiwaka, shoferi asimame na kuzima moteri, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumwambia aendelee. Awe ni mwenyekiti, awe ni mfadhili, tuwe ni sisi. Tunaomba hili liandikwe na libandikwe kwenye tablo.

Kwa wafadhili wetu tunasema asanteni, na tunaongeza neno moja kwa heshima. Mnapotoa gari, mara nyingi karatasi inakuwa na mstari wa gari na mstari wa mazutu. Tunaomba mstari wa tatu, wa vidanji za miaka mitatu ya kwanza. Hauna picha nzuri. Hakuna atakayepiga picha akikabidhiwa filta. Lakini ndio utakaofanya ile picha ya siku ya kukabidhiwa gari iwe bado na maana mwaka wa nne. Nasi kwa upande wetu kila baada ya miezi mitatu tutachapa kwenye gazeti hili kilometa, saa, tarehe za vidanji, na pesa iliyobaki kwenye sanduku. Mkiona hatukuchapa, mtuulize.

Ndugu zetu, wengi wetu tumekaa kambini ng'ambo ya ziwa miaka mingi. Kule hema likichanika, unapanga foleni, unapewa lingine. Haikuwa raha, lakini foleni ilikuwepo. Tumerudi kwetu, na hapa foleni hiyo hakuna. Hii gari ikifa, hatutapewa nyingine. Tutarudi kwenye kipoyi.

Leo kwenye tablo imeandikwa kilometa 4,310 tangu vidanji ya mwisho, na saa 196. Zimebaki saa 34. Sanduku bado halijaanza, kwa hiyo sisi watatu tumeweka dola 20 kila mmoja ili vidanji hii isichelewe. Zimebaki dola 40. Tunaomba ziwe zimepatikana kabla ya kuondoka hapa, halafu mtupigie kura hayo mengine.